Nyundo ya Fundi Stamatis

Wagiriki mia na sabini ndani ya meli moja ni manahodha mia na sabini. Nayasema haya mimi Evanthia, niliyekuwa navuta kasia safu ya chini kabisa, makalio ya mtu wa safu ya juu yakiwa jirani na pua yangu.

Meli yenyewe ilikuwa ya vita, ya kale, yenye safu tatu za makasia. Profesa Myrto aliichora kutokana na picha za kwenye vyungu vya kale, na baba yangu, Fundi Stamatis, akaiunda hapa kisiwani Poros. Baba alitaka kuikalafati, kushindilia nyuzi kati ya mbao kwa nyundo, kama mashua zake zote.

"Fundi, mbao za meli hizi hushikana zenyewe kwa ndimi zilizochomekwa kati yake," Profesa alimwambia. "Nyundo yako ipumzishe." Baba alinuna wiki nzima.

Basi tulipoingia majini makasia yakagongana, siku tatu mfululizo.

"Ni marefu mno," Profesa akasema. "Yakigongana na leo, kesho tunayakata yote."

Baba aliyachonga kwa mkono majira yote ya baridi. Moyo ukaniuma.

"Si marefu, baba," nikamwambia. "Sisi wa chini hatuoni maji, na sauti ya mwita mapigo, anayetuhesabia kule juu, haitufikii. Kila mtu anavuta kivyake."

"Hamsikii kitu?"

"Tunamsikia Thanasis wa safu yetu tu, anamsema mama mkwe wake."

Baba akaingia karakana, akatoka na nyundo, akapanda melini. Gati zima likaguna. Mtu huyu ameunda mashua arobaini na hajasafiri na hata moja, maana tumbo lake huchafuka hata chombo kikiwa kimefungwa.

"Fundi, unakwenda kukalafati nini?" Profesa akauliza.

"Masikio yao."

Alichuchumaa miguuni pangu, chini ya tundu la ngazi. Karakanani kwetu mafundi sita wakikalafati mashua moja hufuata pigo la mkubwa wao, nami nimekulia ndani ya mlio huo. Mwita mapigo akaita kule juu, baba akiwa ametega sikio tunduni. Baba akagonga ubavu wa meli: ko! Niliusikia nyayoni. Ko! Hata Thanasis akanyamaza. Makasia yakazama pamoja, yakatoka pamoja, na meli ikachomoka nusura nianguke chali. Nilicheka kwa furaha kama mwendawazimu.

"Ftu, ftu, ftu!" Thanasis akatema kukinga kijicho. "Fundi, usiache!"

Uso wa baba ulikuwa umeshabadilika rangi.

"Baba, panda juu upate hewa."

"Vuta kasia wewe!"

Tuliizunguka ghuba nzima bila kasia kugusa kasia. Profesa akashuka ngazi mbio, macho yamemlowa.

"Halikatwi hata moja, Fundi! Umenisikia? Pumzika sasa."

Kwa mkono mmoja baba alikumbatia ndoo, wa pili ukaendelea, ko, ko, mpaka gatini. Alitapika mara nne, na hakukosa pigo hata moja.