Breki ya Mbele

Mkono wa breki ulizama tena mpaka ukagusa usukani. Usumani akauachia, akaubana upya. Ukazama vilevile.

"Bado?" aliuliza Umulisa, msichana mwenye baiskeli.

"Bado kidogo."

Jibu lilikuwa hilo hilo tangu asubuhi. Mara nne alikuwa ametoa hewa kwenye mpira wa breki, akisukuma mafuta kwa bomba la sindano kutoka chini mpaka viputo vikaisha juu. Kila mara breki ilikaza dakika tano, kisha ikalegea. Kwa miaka ishirini na sita, hapo hapo mtaani Rwezamenyo, alikuwa ametengeneza baiskeli za breki za waya. Waya ukikatika, unauona. Breki hii ya mafuta ilificha ugonjwa wake ndani.

Na saa nane mchana Umulisa alitakiwa awe juu ya kilima cha Rebero. Leo makocha walikuwa wanachagua wasichana wawili wa timu ya kuteremka milima kwa baiskeli. Miezi saba alikuwa ameamka alfajiri kufanya mazoezi kabla ya kwenda saluni kusuka watu.

Usumani alipopangusa uma unaoshika gurudumu la mbele, kitambaa kikaondoka na rangi. Akainama. Pale tone la mafuta lilipodondokea, rangi ilikuwa imebabuka hadi kwenye chuma.

Mafuta ya breki za baiskeli hii hayali rangi. Ya pikipiki ndiyo yanayokula.

Akakumbuka wiki iliyopita. Kichupa chake kilikuwa kimeisha, akaazima kwa jirani anayetengeneza pikipiki. Mafuta ni mafuta, alijiambia.

"Mukobwa wanjye, binti yangu," alisema bila kuinua uso, "nimekuharibia breki. Nilitia mafuta ya pikipiki. Mipira ya ndani inayozuia mafuta imevimba."

Umulisa akachungulia pale rangi ilipobabuka. Kisha akasema, "Basi tia ya kwake."

"Nimeyatia leo, nilinunua kichupa kipya. Mipira ikishavimba hairudi. Inatakiwa mipya, na hapa Kigali leo siipati."

"Muzehe, nilikuuliza! Nilikuuliza kama hizi unazijua, ukasema breki ni breki!"

"Nilisema."

Umulisa akamsukuma kando, akabana mkono wa breki mara tatu za haraka. Ukakaza. "Umeona? Iko inashika. Nitakuwa nabana mara tatu."

"Kwenye kona utabana saa ngapi?"

"Nipe baiskeli yangu."

Alikwishashika usukani. Usumani alitazama mikono yake, vidole vyembamba vya kusuka nywele, akachukua koleo na kuukata mpira wa breki. Mafuta yakachuruzika juu ya tairi.

"Mama we!" Umulisa alipiga kelele. Watu wa duka la mbele wakageuka. Alimwita mzee majina ambayo hakuwahi kumwita mtu wa umri wake, mpaka sauti ikamkauka, akaketi juu ya rundo la tairi kuukuu.

Usumani aliweka koleo chini. Alifungua kibanio cha breki kwenye gurudumu, akazitoa pistoni, akaanza kuzipangusa moja moja.

Saa nane ikafika, ikapita. Simu ya Umulisa iliita mara mbili, hakuipokea.

Hatimaye Umulisa akanyoosha mkono. "Lete nione."

Usumani akampa pete ndogo nyeusi ya mpira, imevimba, nene kuliko inavyotakiwa. Umulisa aliigeuza kwenye mwanga, kisha akajaribu kuirudisha kwenye mfereji wake ndani ya kibanio. Haikuingia. Akaifuta kwa ncha ya kitenge chake, akajaribu tena.