Mpaka Nije Mimi Mwenyewe

Nuru ilikuwa imemwagika juu ya bahari kama vipande vya kioo kilichovunjika, na Babu, ambaye nyumbani kwake hakuruhusu mtu kuvuka sebule kabla kioo hakijaokotwa chote, hakuona pa kuanzia kuokota.

Alisimama kwenye sitaha ya meli ya matembezi, viatu vyake vya ngozi vikimeta, mkono mmoja ukiwa umeng'ang'ania ukingo. Safari ilikuwa fupi, zawadi ya binti yake: visiwa vya minazi, muziki wa jioni, michezo ya watoto. Wote walicheka. Yeye alikuwa akitafuta kwa macho mahali yalipotundikwa maboya.

Maji hayana ukuta, aliwaza. Maji hayana kitasa. Maji hayana mahali pa kushika.

Hakumwambia mtu. Aliyelea watoto kwa kukohoa tu, akikohoa nao wakanyamaza, angeanzaje kusema kwamba anaogopa maji?

Siku ya pili, boti mbili ndogo ziliwashusha kwenye fungu la mchanga, kisiwa kinachozaliwa maji yakipwa na kuzikwa maji yakijaa. Mchanga mweupe, mchanga mtupu, na mwisho wake jabali jeusi lililosimama peke yake kama kabati lililosahaulika katika nyumba iliyohamwa.

Mjukuu wake, ambaye nyumba nzima ilimwita Chiriku kwa jinsi asivyonyamaza, alikuwa wa kwanza kubaki peku.

"Babu, vua na wewe!"

"Viatu vyangu vina adabu. Havivuliwi ovyo."

"Au vinaogopa maji?"

Bibi akacheka mpaka akashika mbavu. "Hapo amekupata, Mzee!"

Chiriku akalikimbilia wimbi, nalo wimbi likamkimbilia yeye, likamdaka magotini, likamyumbisha. Hofu ya Babu haikuwahi kutoka nje bila kwanza kuvaa hasira, ikatoka imevaa. Alimshika mtoto mkono, akamwongoza hadi nyuma ya jabali, penye kivuli, penye mchanga mkavu.

"Simama hapa. Usiondoke na mtu yeyote, mpaka nije mimi mwenyewe."

"Hata na nahodha?"

"Hata na nahodha."

"Hata na mama?"

"Hata na mama."

Hiyo ndiyo iliyokuwa amri ya nyumba ile. Sokoni, stesheni, hospitalini, mtoto alisimamishwa penye nguzo, akakutwa penye nguzo. Hakuna mtoto wao aliyewahi kupotea, na Babu alijivunia hilo kama wengine wanavyojivunia mashamba.

Akarudi kwenye kiti alichowekewa chini ya mwavuli. Pumzi ikamrudia. Upepo ukambembeleza, usingizi ukamwiba.

Honi ya meli ndiyo iliyomzindua. Maji yameanza kujaa, mabaharia walisema, twendeni, twendeni. Mzee kwanza, kwa heshima. Wakamshika makwapa, wakamketisha katika boti ya mbele pamoja na Bibi. Na pale boti ilipokutana na ngazi ya meli, palikuwa na ufa wa maji meusi uliofunguka na kujifumba, ukafunguka na kujifumba, kama kinywa cha kitu kinachojifunza jina lake.

"Mzee, familia yako imetimia?" aliuliza baharia wa boti.

"Imetimia," alisema Babu, macho yake yakiwa kwenye ufa, shingo yake isigeuke.

Na neno la mtu kama yule, nani angeliuliza mara mbili?

Binti yake alikuja na boti ya nyuma. Alipanda sitahani, akafungua taulo kubwa kwa mikono miwili.

"Baba, mlete Chiriku nimkaushe."

"Si yuko nawe?"

"Wewe ndiwe niliyekuona ukimshika mkono."

Taulo likabaki limefunguliwa, bila mtu ndani yake.

Ewe bahari, ulikuwa na haraka gani? Fungu lilikuwa limekonda kama ukucha. Jabali lilisimama kule, jeusi, dogo, na nyuma yake hapakuonekana.

Baharia alikuwa tayari ameruka botini. "Bakia, Mzee! Tutamleta!"

"Hatakuja nanyi." Sauti ilikuwa ya mtu mwingine, mtu mzee sana. "Hatakuja na mtu. Hata na mama yake. Nimemwagiza."

Binti yake alimtazama kwa namna ambayo hakuwahi kumtazama maishani. Chini ya macho yale Babu akaishika ngazi. Ngazi ilicheza. Ufa ulifunguka. Akaushukia, huku kila kiungo cha mwili wake kikimwambia arudi.

Maji hayana ukuta. Maji hayana kitasa. Boti ilipiga mbio, na Babu, aliyezoea kuitwa, aliita: aliita jina la ndege yule mdogo, akaita tena, na upepo ukalirudisha jina mdomoni mwake.

Walipozunguka jabali, mchanga haukuwapo. Chiriku alikuwapo. Maji yalikuwa yamemfika kifuani, mikono yake imelikumbatia jiwe, shavu lake limelala juu ya jiwe, na alikuwa amenyamaza. Hicho ndicho kilichomtisha Babu kuliko maji yote: Chiriku alikuwa amenyamaza.

Mawimbi yaliikataza boti kusogea zaidi. Baharia akanyoosha mkono. "Njoo, mtoto mzuri, ruka!"

Kichwa kidogo kikakataa. "Babu alisema mpaka aje mwenyewe."

"Si huyu hapa kwenye boti?"

Chiriku akamtazama babu yake, midomo ikimtetemeka kwa baridi.

"Hajafika."

Basi Babu akavuka ukingo. Maji yakaingia viatuni, yakapanda magotini, yakamshika kiuno kama mdai asiye na haya. Mchanga ukateleza chini yake. Palipokosekana pa kushika, akashika lile jina, akalitamka hatua kwa hatua, hadi vidole vyake vikagusa nywele zenye chumvi.

"Nimefika," alisema. "Mimi mwenyewe."

Ndipo mikono midogo ilipoliachia jiwe.

Botini alimfunika kwa koti lililolowa, lisilofaa kitu, akamfunika hivyo hivyo.

"Sikuondoka, Babu."

"Nimeona."

"Nilitaka kuondoka."

"Ungeondoka, mjukuu wangu. Maji yakipanda, ondoka. Usimsubiri mtu."

"Hata wewe?"

Meno ya Babu yaligongana kabla neno halijapita. "Hata mimi."

Chiriku akainama kutazama miguu ya babu yake. "Kiatu kimoja hakipo."

"Kimebaki mchangani."

"Labda kinakusubiri."

Babu akafungua kinywa acheke, na kilichotoka hakikuwa kicheko. Baharia akageuza uso pembeni, kwa adabu.

Penye ngazi, ufa ulikuwa ukifunguka na kujifumba. Juu, taulo lilikuwa bado limefunguliwa. "Mzee," aliuliza baharia kwa mazoea ya kazi, "mmetimia?"

Babu aligeuza shingo. Alimtazama mtoto kifuani pake, akamshika uso, kisha akatazama nyuma kule palipokuwa na kisiwa. Hapakuwa na mchanga. Palikuwa na nuru tu, imevunjikavunjika juu ya maji, nayo sasa akaipitia polepole, kipande kwa kipande, akitafuta katika kila kimoja uso mdogo, na kushukuru kwa kila kimoja kilichokuwa kitupu.

Baharia alingoja. Babu bado alikuwa akitazama.