Blanketi la Ntate Tlali

Gari la mochwari liligoma pale lami inapoishia. Dereva wake aliutazama mlima uliojaa theluji, akasema kazi yake ni kubeba marehemu, si kuwa marehemu. Ndipo 'Matseleng alipoirudisha nyuma pikapu kuukuu ya baba mkwe wake, akafungua mlango wa bodi.

"Mleteni," alisema. "Nitampandisha mwenyewe."

Aliyekuwa jenezani ndiye huyo baba mkwe, Ntate Tlali, yaani Baba Tlali kwa lugha yao, aliyeuparamia mlima huo kwa pikapu hiyo hiyo miaka thelathini. Ilikuwa Ijumaa, saa saba mchana. Kaburi limeshachimbwa, na mzee alitakiwa aingie nyumbani kwake kabla jua halijazama, akeshe na watu wake mara ya mwisho. Akichelewa atalala njiani kama mtu asiye na kwao, na 'Matseleng hakuwa tayari kuliona hilo.

"Atafika na klachi ya majivu," alisema mmoja wa wanaume waliokuwa wakipanda farasi kutangulia. Wenzake wakacheka kidogo, kwa adabu ya msiba. 'Matseleng alisikia, akapanda kwenye usukani.

Klachi hiyo alifundishwa na mzee mwenyewe. Kwao baba mkwe haketi kiti kimoja na mke wa mwanawe, wala mke hagusi blanketi la mzee. Basi Ntate Tlali alikuwa akikaa nyuma kwenye bodi, kofia imemshuka masikioni, akifundisha kwa kugonga paa. Pigo moja: toa mguu kwenye klachi. Mapigo mawili: badili gia. Mwaka ule wa kwanza lilisikika pigo moja kutwa nzima, maana mguu wa 'Matseleng ulipenda kupumzika juu ya pedali.

"Mguu ukichoka upeleke nyumbani ukalale," mzee alikuwa akipaza sauti. "Klachi si kitanda."

Leo mzee alikuwa nyuma kama kawaida yake, ila hagongi.

Mbele, kando ya 'Matseleng, alikaa Shangazi 'Mamokete, dada wa marehemu, mwanamke asiyejua kushindwa. Kabla ya kuondoka alilitwaa blanketi la kaka yake, lile vazi lake zito la rangi ya damu ya mzee alilojitanda kila siku, akalifunga mbele ya gari, kutoka taa hadi taa, ili kila kijiji kijue nani anapita. Liliufunika wavu wote wa mbele. 'Matseleng aliliona, ulimi ukamwasha, akaumeza. Nani ambishie shangazi siku ya msiba? Hilo lilikuwa kosa lake, na alilijua tangu kona ya kwanza.

"Kaka, tunavuka mto," shangazi alimwambia marehemu, kama inavyopasa. "Kaka, tunaanza mlima."

Kona ya tatu mshale wa joto ukaanza kupanda. 'Matseleng akafungua hita yote ili moto wa injini upate pa kutokea.

"Unanioka," alisema shangazi, jasho likimtiririka. "Nje theluji, humu ndani tanuri la mikate."

"Shangazi, injini haipumui. Lile blanketi limeziba rejeta. Tulitoe."

"Nimvue kaka yangu nguo njiani? Endesha, mama."

Akaendesha. Kona ya tano mvuke ukafoka kwenye boneti, na 'Matseleng akasimama kwenye kipande cha tambarare, akazima. Shangazi akashuka mbio na kitambaa mkononi, anataka kufungua kifuniko cha rejeta.

"Usiguse," alisema 'Matseleng, na hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kumwamuru. "Itakubabua uso. Tunasubiri."

Wakasubiri. Jua lilikuwa limeshuka mpaka mgongo wa mlima wa ng'ambo. Injini ilipopoa, 'Matseleng alifungua kifuniko taratibu kwa kitambaa kinene, akawasha gari, akamimina maji kidogo kidogo mpaka dumu likaisha. Hakukuwa na maji mengine. Akafunga kifuniko, akaenda mbele ya gari, akavua viatu kwa heshima, akasimama pekupeku kwenye theluji.

"Ntate," alimwambia marehemu, "wewe ndiye uliyenikataza kuziba rejeta mlimani. Naligusa blanketi lako. Nisamehe, nataka ulale kwako."

Alikuwa anaogopa, na hakuacha. Akafungua fundo la kushoto. Shangazi akaenda upande wa kulia akafungua fundo la pili. Akalikunja blanketi kifuani, akapanda nyuma kwenye bodi.

"Kuna baridi huko, Shangazi."

"Kaka yangu ana baridi zaidi. Vaa viatu, twende."

'Matseleng akaingiza gia nzito ya mlima, akaachia klachi mara moja tu, polepole, mpaka mwisho, na pikapu ikajivuta bila kutoa harufu ya kuungua. Upepo ukaingia kwenye wavu. Mshale ukarudi katikati, ukakaa.

Mwinuko wa mwisho ulikuwa barafu tupu. Jua lilibaki upana wa kidole. 'Matseleng alikaza macho njiani, mabega juu, na hapo likasikika juu ya paa: pigo moja.

Mguu wake wa kushoto ukaruka wenyewe. Ndipo alipotambua kwamba ulikuwa umelala juu ya klachi, pengine tangu kona mbili zilizopita. Machozi yakamtoka, lakini hakupunguza mafuta. Pikapu ikafika juu, ikaingia uani jua likiwa bado linagusa paa la nyasi.

Shangazi alishuka amekakamaa kwa baridi, theluji kwenye nyusi.

"Wewe mtoto una masikio? Nimegonga usimame nimwambie kaka tumefika, nawe ndio kwanza unakimbia."

"Ukigonga mara moja, Shangazi, maana yake nitoe mguu kwenye klachi."

"Nani kasema?"

'Matseleng akaelekeza kidevu kwenye jeneza lililovikwa blanketi jekundu. Shangazi alimwangalia mkwe wake, kisha akaliangalia jeneza, akainama karibu na kichwa cha kaka yake.

"Kaka, tumefika," alisema polepole. "Na mguu ameutoa."