Vifaranga wa Kilomita Elfu Tisa

Kiwandani wanamwita Mama Joto, kwa kuwa ndiye mlinzi wa joto la mashine za kutotolesha vifaranga na pia, tusidanganyane, kwa sababu ya hasira zake. Na udadisi je! Ukimwambia jambo atakuuliza kwa nini mpaka utafute njia ya kukimbilia.

Ila kuna moja hakuwahi kuliuliza. Kaka yake ana mwaka wa tisa ughaibuni, na kila mama yao akimsihi aje, jibu ni lilelile: "Mama, huku ni mbali mno. Siku tatu njiani kuja, tatu kurudi, likizo yote inaishia hewani." Mama akisema basi ataenda yeye, anaambiwa magoti yake hayataweza. Naye huitikia tu, maskini, akamwombea mwanawe heri.

Jumatatu moja bosi akaleta oda: vifaranga elfu mbili, waende mji uleule wa kaka. Mama Joto akaguna. Kifaranga akianguliwa hubaki na kiini cha yai tumboni, nacho humtosha kama siku tatu bila chakula wala maji. Zikipita hizo, utapokea mizoga.

"Bosi, si watatufia? Kule ni siku tatu!"

"Nani kakwambia?"

Weee! Mama Joto akachukua karatasi za mzigo, akakalia kreti tupu, akahesabu kwa vidole. Kilomita elfu tisa na mia mbili. Saa kumi na mbili hewani, kwa ndege mbili. Saa tisa za kusubiri kiwanja cha katikati. Kumi za barabarani na ukaguzi. Akarudia, labda amekosea. Thelathini na moja! Siku moja na saa saba.

Kumbe!

Vifaranga wakaondoka Jumanne alfajiri, na Jumatano mchana ujumbe ukaingia: wamefika, wamekufa wawili tu. Wenzake wakashangilia. Yeye roho ikamuuma. Akimwambia mama ukweli, ni sawa na kumwambia kwamba mwanawe hakuja kwa kutotaka kuja. Akinyamaza, mama atazeeka akingoja.

Jioni alimkuta mama akikunja nguo kitandani.

"Haya, wale wasafiri wako?"

"Wamefika, Mama."

"Wazima? Wametumia siku ngapi?"

Uongo ulimfika Mama Joto mdomoni ukakataa kutoka. "Moja na kitu," akasema.

Mama akaacha kukunja. "Kulekule kwa kaka yako?"

"Kulekule."

Mama akavua miwani, akaifuta kwa shati lililokuwa mkononi, akaivaa tena. Mama Joto akasogea karibu, akijua sasa ni machozi.

"Hao hawajala tangu waanguliwe, na wamefika," mama akasema. "Mimi ninayekunywa chai mara tatu kwa siku ndiye nishindwe? Kesho ukanikatie tiketi. Na kaka yako usimwambie. Nataka afungue mlango anikute, kabla hajatunga mengine."