Kijani Tu

Daktari Barasa alisimama nyuma ya pazia la kitanda, karibu kabisa na mama mkwe wake, na bado mazungumzo yao yalilazimika kupitia kwa muuguzi Wilkister.

"Mwambie daktari sitaki," alisema Mama Akiteng kwa sauti iliyochoka.

"Daktari, mama anasema hataki."

Barasa alikuwa na masikio. Lakini mtu wa Matayos akioa Malaba anajua mambo yake: mama mkwe humpi mkono, huketi naye meza moja, na ukimwona njiani unapinda kwenye mahindi. Sasa mama huyo alikuwa anachomwa na homa, kifuko chake cha nyongo kimejaa mawe na kimevimba vibaya. Mpasuaji mwenzake Barasa alikuwa masomoni ng'ambo, na safari ya hospitali kubwa ya Eldoret mama asingeihimili. Aliyebaki ni mkwe, yule yule asiyeruhusiwa kuona hata goti lake.

Asubuhi hiyo Among, mkewe, alikuwa amemfunga kifungo cha shati na kusema neno moja tu: "Niletee mama."

"Mwambie mama," Barasa alisema, "Wilkister atamfunika mwili wote kabla mimi niingie. Naingiza kamera kwa tundu dogo, macho yangu yako kwa skrini. Kuna dawa tutamchoma kwa mshipa, inateremka kwa nyongo. Tukiwasha taa yake, mirija inang'aa kijani. Hiyo kijani tu ndio nitaona."

Mama alifikiri kidogo.

"Mwambie daktari, akiona kingine, analipa ng'ombe."

Wilkister alicheka mpaka akasahau kufikisha ujumbe.

Alasiri, Barasa aliingia chumba cha upasuaji akakuta shuka za bluu kila mahali na sehemu ndogo tu ya tumbo imeachwa wazi. Hakuitazama zaidi ya kazi ilivyohitaji. Kwenye skrini, ndani ya mama palikuwa pamegandamana kama ukoko chini ya sufuria. Alitafuta mrija mwembamba wa kifuko, akaona ameupata, akausafisha polepole, akaufungulia mkasi.

Mkono ukasita. "Washa ile taa," alisema.

Mrija uliokuwa mbele ya mkasi uling'aa kijani, mnene, ukitoka kwenye ini moja kwa moja hadi kwenye utumbo. Haukuwa wa kifuko. Ulikuwa mrija mkuu, ule ambao ukikatwa, mtu huenda asirudi nyumbani. Ule mwembamba ulikuwa umejificha pembeni, unang'aa nao. Barasa alirudisha mkasi nyuma. Kisha akakata panapostahili.

Jioni alirudi nyuma ya pazia.

"Mwambie daktari, ameona nini?"

Wilkister alifungua mdomo, lakini Barasa alimtangulia.

"Kijani tu, mama. Na bila hiyo kijani, mimi mwenyewe ningekuua. Nilikuwa nimeshafungua mkasi."

Wilkister aliganda, hajui abebe neno gani ampelekee nani. Mama Akiteng alivuta pumzi ndefu, polepole, kwa sababu ya kidonda.

"Barasa," aliita. Tangu harusi hajawahi kulitamka jina hilo mbele yake. "Umekula?"

Barasa aliegemeza paji la uso ukutani, akalia.

"Bado, mama," alijibu.