Picha ya Kichwa Kizima

Hospitalini kwetu, kwenye korido ya kwenda chumba cha mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, kuna picha ya ubongo imebandikwa ukutani, na ubongo ule ni wangu. Mashine ilipoletwa mpya ilibidi ijaribiwe kwa mtu. Mafundi tulikuwa wawili, mwenzangu anaogopa kufungiwa, basi nikalala mimi. Picha ikatoka safi, hakuna doa wala uvimbe. Mwenzangu akaibandika, akaandika chini yake "kichwa kizima", na mpaka leo madaktari huwasimamisha wagonjwa pale kuwaonyesha kichwa kinavyotakiwa kuwa. Mwenzangu hunitania kwamba ni kizima kwa sababu hakijatumika sana.

Nimeanzia hapo ili msije mkasema baadaye kwamba nilikuwa naumwa.

Asubuhi moja aliletwa mjomba wangu, mdogo wake mama, seremala. Alikuja na mkewe. Alikuwa ameanza kuumwa kichwa na kuanguka ovyo karakanani, juzi yake nusura aukate mkono kwa msumeno, na mwenyewe anacheka tu. Mimi na yeye salamu zilikuwa zimekufa zamani. Siku tuliyomzika mama niliapa kwamba huyu mtu atalipa, sijui lini wala kwa njia gani, lakini atalipa. Kiapo kile nilikilea vizuri kuliko wengine wanavyolea watoto wao.

Mama alikuwa na pumu. Siku ile ilimbana mchana kweupe, dawa ya kuvuta imekwisha, midomo inabadilika rangi. Mwenye gari pale mtaani alikuwa mjomba peke yake, ile pikapu yake ya kupelekea watu vitanda. Nilikimbia peku mpaka kwake. Mkewe alikuwa amesafiri. Nyumba nzima ilikuwa moshi mtupu. Maziwa yameungua jikoni, sufuria imekuwa nyeusi tii, na yeye amekaa sebuleni katikati ya moshi ule anaangalia mpira. Nikazima jiko mimi, huku nalia. Nikamwambia, mjomba, mama hapumui, twende. Hata shingo hakugeuza.

"Dada naye kwa maigizo," akasema. "Ngoja mpira uishe."

Funguo za gari zilikuwa mezani na mimi sijui kuendesha. Nikampigia magoti. Akacheka, akaniambia nisogee nimemzibia.

Tulimpakia mama kwenye mkokoteni, jirani fundi viatu anasukuma, mimi nimemshika kichwa. Alifia njiani. Kwenye mazishi mjomba alipapasa jeneza akasema limerandwa vibaya, akacheka tena. Na huyu ndiye mjomba aliyenitengenezea kitanda changu cha kwanza, mtu ambaye zamani sinema ikiisha vibaya alikuwa analia mbele za watu bila aibu. Watu wakasema kaharibika tabia, uzee umemkaa vibaya. Mimi nilisema ni shetani, na sikutafuta maelezo mengine.

Basi ndiyo huyo, kalala kwenye mashine yangu. Picha ilipojitokeza kwenye kioo niliona uvimbe mkubwa kama limau, nyuma ya paji la uso, juu kidogo ya macho. Sitaki kuwadanganya, nilifurahi. Nilijisemea moyoni: Mungu hamtupi mtu, malipo yangu yamefika.

Furaha yenyewe haikufika hata saa ya chakula. Daktari bingwa wa ubongo alituita mimi, mjomba na mkewe, akatusimamisha koridoni, ameshika picha ya mjomba karibu na ile yangu ya ukutani. Ni mama mtu mzima, mpole, anaongea kama anayekuelekeza njia.

"Hapa mbele," akasema, "ndipo maumivu ya mwenzako yanapogeuka kuwa kitu cha kukuinua kwenye kiti. Pakibanwa, mtu ukimuuliza kama kumwacha mwenzake afe ni vibaya, atakujibu ni vibaya. Anajua vizuri tu. Ila halimgusi."

Mke wa mjomba akashika mdomo. "Kwa hiyo yale ya dada yake, siku ile..."

"Siwezi kusema, mama. Picha haina tarehe. Uvimbe wa aina hii hukua polepole sana, pengine ulikuwepo, pengine ulianza baadaye. Kuna dalili moja ingetusaidia. Umekaa juu ya mishipa ya kunusa, na hiyo ndiyo huanza kufa. Aliacha kunusa lini?"

"Sasa mimi nitajuaje, daktari? Huyu mwanamume hajawahi kusifia chakula changu hata siku moja."

Wakacheka kidogo, na mjomba naye akacheka, kwa sauti kuliko wote. Mimi sikucheka. Mimi niliona ile sufuria nyeusi, na moshi umejaa mpaka macho yanawasha, na mtu amekaa katikati yake hana habari. Hakuwa na dharau siku ile. Hakuwa ananusa.

Nilihisi nimeibiwa. Miaka yote ile nimemchukia mtu, kumbe wa kuchukiwa ni limau. Unalichukiaje limau? Unaliapiaje? Yule shetani wangu angekwenda zake hivihivi, msafi, watu wanamwonea huruma, na mama yangu amebaki kule chini na mchanga wake. Kuhusu maziwa sikumwambia daktari wala mtu yeyote.

Daktari akasema upasuaji ni wa kufa kupona. Akiachwa bila kupasuliwa, macho yatafifia pole pole, naye ataondoka siku moja, ila hatasumbuka moyoni. Atakwenda hivyo hivyo akicheka.

"Basi aachwe," mke wa mjomba akasema. "Afadhali aende akicheka kuliko nimpeleke kwenye kisu kwa mkono wangu." Kisha akanigeukia. "Lakini wewe, mwanangu, ndiye mtu wa humu. Useme wewe."

Nilimvuta daktari pembeni. Nikamuuliza, ukitolewa, ataanza kuguswa?

"Wengi huanza. Polepole."

"Na ya zamani?"

"Atayakumbuka. Kumbukumbu zake hazijaharibika. Hilo ndilo gumu kwao, wanayakumbuka yote halafu sasa yanawauma."

Nikarudi kwa mke wa mjomba, nikamshika mkono. "Apasuliwe," nikasema.

Alilia begani kwangu. Alisema nina moyo wa mama yangu, kwamba mwingine angemwacha afe, kwa yaliyotokea. Akanimiminia dua mpaka nikaona haya. Lakini sikubadilisha neno langu. Mjomba kufa akicheka, hilo sikulitaka. Nilitaka apone, apone kabisa, halafu aumie.

Akapona. Nilikuwa namhudumia kila nikitoka zamu, namnywesha supu kwa kijiko, na wodi nzima ikanisifia. Ukweli ni kwamba nilikuwa naangalia kama mtu anayesubiri maji yachemke. Mwanzoni hakuna kitu. Halafu siku moja mgonjwa wa kitanda cha jirani alilia kwa maumivu, na mjomba akanyanyua kichwa chake chenye bandeji, akasema jamani muiteni muuguzi. Siku nyingine nikamkuta anafuta machozi, anasingizia vumbi. Baada ya hapo akaacha kunitazama usoni. Nikajua yanafika.

Aliniita mwenyewe, mchana, mkewe ametoka kwenda kufua.

"Kaa hapa, mpwa wangu." Nikakaa. "Nakumbuka ulipiga magoti."

Nikamrekebishia mto.

"Nakumbuka na funguo. Zilikuwa mezani, kama kutoka hapa hadi kile kitanda cha jirani. Kila nikifumba macho naziona. Kunyoosha mkono tu. Na kucheka nilicheka, najisikia kabisa ninavyocheka." Akajifuta macho kwa pembe ya shuka. "Dada yangu alinibeba mgongoni nikiwa mdogo. Mimi nilimwambia mtoto wake asogee."

Haya ndiyo niliyokuwa nimeyasubiri, na yalikuwa yamekuja bila hata kuyavuta. Ningeweza kutosheka hapo. Mtu mwingine angetosheka.

"Mke wangu anasema ni uvimbe," akaendelea, "lakini yeye anasema kwa kunipenda. Daktari anasema hajui. Wewe picha unazijua, na siku ile ulikuwepo. Usinionee huruma. Ulikuwemo kichwani, au nilikuwa mimi?"

Alikuwa ananiangalia sasa, macho mekundu, yaleyale ya mjomba wa zamani aliyekuwa akilia kwenye sinema. Alikuwa amerudi, mzima, na nilimpenda kwa muda mfupi kiasi cha kunishtua. Niliisikia harufu ya maziwa yale puani. Neno moja tu, na angelala usiku huo, na usiku mwingine wote uliombakia.

"Haukuwepo," nikasema.

"Una hakika?"

"Mwenye uvimbe ule hanusi, daktari atakwambia. Na wewe siku ile ulinusa. Maziwa yalikuwa yanaungua, ukaniambia nikazime jiko, yanakuharibia mpira."

Akafikiri. "Hilo silikumbuki."

"Mimi nalikumbuka, mjomba. Mama yangu alikuwa anakufa, nakumbuka kila kitu."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, akakubali. "Basi nilikuwa mimi," akasema. Akageukia ukuta. Nilimfunika shuka vizuri mpaka mabegani, nikatoka. Ilikuwa tamu, tena tamu kuliko nilivyowahi kuiota.

Jana mke wa mjomba alinifuata mpaka kazini. Anasema mgonjwa amekataa chakula, amekataa dawa, hasemi, anaangalia ukuta tu, na daktari kamchunguza kichwa hakuna anachokiona. "Njoo uongee naye, mwanangu. Wewe ndiye anayekuamini." Nikamwambia nitakuja.

Tulipotoka wote koridoni tulimkuta daktari amesimama na familia nyingine mbele ya ile picha yangu, anawaonyesha kwa kalamu pale mbele, juu ya macho.

"Huyu," alikuwa anawaambia, "hapa ni mzima kabisa. Angalieni vizuri. Hana kitu."

Mke wa mjomba, anayejua kile ni kichwa changu, akanibana mkono kwa fahari. Nikawapisha, nikarudi kwenye mashine yangu.