Sifuri ya Mzee Lugembe

Eustadia alikuwa na sifuri thelathini na moja kwenye daftari, na zilimnyima raha. Alikuwa akisomea shahada ya uzamivu ya saikolojia, nusu utafiti, nusu kutibu watu kliniki mjini Tabora, na kwa dodoso lake, ambapo sifuri ni kutokuwa na dalili hata moja, wilaya nzima ya Sikonge haikuwa na mtu mwenye huzuni. "Basi tuhamie huko sote," msimamizi wake alimtania kwenye simu. Eustadia hakucheka. Alitaka kujua kwa nini.

Wa thelathini na mbili alikuwa mzee Lugembe, mrina asali. Binti yake, Minza, ndiye aliyemwomba Eustadia aende. "Dada, tangu mama afariki, baba hali chakula, anashinda amekaa tu. Naogopa nitamkosa na yeye."

Mzee aliitikia shikamoo, akatoa kigoda na bakuli la asali. Eustadia akafungua dodoso. Unalala vizuri? "Vizuri." Hamu ya chakula? "Ninayo." Unaona maisha hayana maana? "Hapana, mwanangu, tunamshukuru Mungu." Asali yenyewe hakuigusa hata kwa kidole. Sifuri nyingine! Eustadia akafunga daftari na kuaga, akijiona mjinga.

Siku zote bodaboda ilimngoja mlangoni. Leo ilikwenda kuzibwa pancha, kwa hiyo mzee akachukua fimbo amsindikize mgeni wake mpaka barabarani. Wakaongea habari za mvua na tumbaku. Walipofika njia panda, mzee akasema, kana kwamba amekumbuka jambo dogo tu, "Nilikuwa na mizinga arobaini, nimeshawagawia watu. Umebaki mmoja."

Eustadia alisimama. Kumbe! Huku ukimuuliza mtu hali, atajibu nzuri hata kama kafiwa jana. Habari yenyewe huja baadaye. Miezi minne alikuwa akiandika salamu za watu, kisha akapanda bodaboda na kuikimbia habari.

Aliogopa, maana anayegawa mali yake huenda anaaga, lakini akauliza waziwazi, kama alivyofundishwa kliniki. "Baba, unafikiria kujiua?"

Mzee akaitazama fimbo yake. "Kila siku. Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza."

Bodaboda ikafika. Eustadia akamtuma dereva akamwite Minza haraka. "Leo nami nakusindikiza, baba. Tutapita kwa hao uliowagawia, tumwombe mmoja akurudishie mizinga, uwe na nyuki wa kuangalia kesho."

Mzee akageuka kurudi kijijini.

"Tuanze kwa Masanja," akasema. "Yule hata kuwafukizia nyuki moshi hajui."